Jirani wa Chama Kingine

Pemba mtu akifiwa hahitaji kualika. Khabari hutoka msikitini ikapita barzani, na kabla jua halijapanda vijana wameshakwenda kuchimba kaburi, wanawake wamefika na masufuria yao, na wazee wamekaa nje kwenye majamvi wakisubiri maiti aoshwe. Hakuna anayehesabu nani kaja, kwa sababu wote huja. Ndiyo maana hakuna adhabu kijijini inayouma kama kususiwa maziko. Mwizi huzikwa na watu, na mlevi pia huzikwa na watu. Lakini tangu miaka ya mwisho ya 1950, kwa vipindi vinavyokuja na kuondoka, Wazanzibari wamesusiana maziko kwa sababu moja: kura.

Uchaguzi wa Zanzibar umeandikwa sana kama ugomvi wa viongozi, wa tume na wa vikosi. Ugomvi wa wapiga kura wenyewe kwa wenyewe huguswa kidogo, na ukiguswa huelezwa upesi kwa chuki za asili: Uarabu na Uafrika, Upemba na Uunguja, Uhizbu na Uafro. Maelezo hayo yanasadikika kwa urahisi kwa sababu matusi ya kampeni yenyewe hutumia maneno hayo hayo. Mimi naona yameanza mwisho. Ukitaka kujua kwa nini jirani anamsusa jirani, uliza kwanza aliyeshindwa kwenye kura anapoteza nini. Zanzibar, kwa muda mrefu, jibu limekuwa: karibu kila kitu.

Tuanze Julai 1957, uchaguzi wa mwanzo. Wapiga kura walikuwa wanaume tu, tena wenye sifa maalumu, na viti vya kugombewa vilikuwa 6. Hizbu, chama cha Zanzibar Nationalist Party, kilikuwa na magazeti, wasomi na fedha, lakini hakikupata hata kiti kimoja. Katika jimbo la Ng'ambo, kiongozi wao Ali Muhsin Barwani alishindwa kwa mbali na Abeid Karume, kiongozi wa Afro-Shirazi. Kilichofuata kinatufundisha mengi zaidi kuliko matokeo yenyewe. Mashamba mengi ya Unguja wakati ule yalikuwa na maskwota, wakulima waliolima muhogo, viazi na ndizi chini ya mikarafuu na minazi ya tajiri. Mapatano yao hayakuandikwa popote. Skwota alipalilia, tajiri alipata shamba safi bila kulipa vibarua, na kila mmoja alimhitaji mwenzake. Baada ya kura, baadhi ya wenye mashamba walianza kuwafukuza maskwota waliojulikana kuwa ni Afro-Shirazi, na muhogo uliokuwa bado ardhini ukang'olewa. Watu wa Afro-Shirazi nao wakajibu kwa silaha waliyokuwa nayo. Waliacha kununua katika maduka ya Waarabu na ya Wahindi, wakafungua maduka yao ya ushirika, na wakakataa kupanda mabasi ya mtu wa Hizbu.

Wazee wa visiwani wanakiita kipindi kile zama za siasa, na hukitaja kama mtu anavyotaja zama za maradhi. Kijiji chenye kisima kimoja kiligawana zamu. Watu waliokuwa wakisali safu moja walitafuta misikiti mingine. Ndoa zilivunjika kwa sababu baba mkwe ni wa chama kile. Mtu alikuwa akijulikana kwa ukoo wake, kazi yake na mtaa wake, na sasa ilitosha kusema yeye ni nani kwa neno moja tu, Afro au Hizbu. Na aliyekataa kuwa upande wowote hakupata raha, kwani pande zote mbili zilimshuku.

Januari 1961 kura zilikaribiana mno. Chake Chake, Afro-Shirazi walishinda kwa kura moja. Baraza lilikuwa na viti 22: Afro-Shirazi 10, Hizbu 9, na ZPPP, chama cha Shekhe Muhammed Shamte kilichokuwa na nguvu Pemba, 3. ZPPP ikagawika, wawili wakenda kwa Hizbu na mmoja kwa Afro, ikawa 11 kwa 11, na serikali haikuundika. Uchaguzi ukarudiwa tarehe 1 Juni. Fujo zilianzia kwenye vituo vya mjini, kwa tuhuma za watu kupiga kura mara mbili, kisha zikashuka mashamba. Walikufa watu 68, wengi wao Waarabu, na wengi katika hao walikuwa Wamanga wenye viduka vya mashamba, watu waliouza mchele na mafuta ya taa kwa kipimo cha kikombe.

Hapo nataka tukae kidogo. Waliouawa mashamba hawakuwa wagombea. Hawakuwa hata matajiri wa mikarafuu, ambao wengi waliishi mjini. Walikuwa wenye maduka yale yale yaliyokuwa yakisusiwa tangu miaka mitatu nyuma. Kususa kulikuwa kumeshafanya kazi yake: kumtoa mtu katika orodha ya watu ambao ukiwaona barabarani unawauliza hali zao. Sisemi kila susio huishia kwenye damu, maana Pemba ilisusiana vilevile na Juni ile haikuuana. Nasema Unguja ya 1961 ilionyesha umbali uliopo kati ya duka lisiloingiwa na duka linalovunjwa, na umbali huo ni mfupi.

Tena tutazame nani alikuwa upande gani, kwani hapo ndipo hadithi ya kabila inapokwama. Washirazi wa Unguja waligawika. Washirazi wa Pemba wengi hawakumfuata Karume hata kidogo; walikwenda ZPPP na Hizbu. Mtu wa Makunduchi na mtu wa Wete, wote wakijiita Washirazi, wote Waislamu wa madhehebu moja, wote wakila wali wa nazi, walipigiana kura za kuzuiana. Kilichowatenganisha kilikuwa maisha. Pemba mwenye shamba na mwenye kibanda walikuwa wamechanganyika zaidi, mkulima mdogo naye alikuwa na mikarafuu yake, na hofu ya kufukuzwa shambani haikuwa kubwa kama Unguja. Kura zilifuata ardhi kabla hazijafuata damu.

Julai 1963 Afro-Shirazi walipata asilimia 54 ya kura zote na viti 13, Hizbu na ZPPP kwa pamoja viti 18. Uhuru ulikuja tarehe 10 Disemba, Mapinduzi tarehe 12 Januari 1964. Nayapita haraka kwa sababu yameandikwa na wengi, lakini yaliacha kitu kinachohusu mada yetu moja kwa moja. Kuna familia ambayo mwaka ule unamaanisha eka tatu, nyumba na skuli. Kuna familia nyingine ambayo unamaanisha baba asiyerudi, shamba lililochukuliwa, na kwa Pemba, bakora za hadharani na miaka ya njaa. Vyama vilifutwa, uchaguzi wa ushindani ukasimama kwa takriban miongo mitatu, na kumbukumbu hizo mbili zikakua ndani ya majumba bila kukutana.

Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, kumbukumbu hizo hazikuhitaji kufundishwa upya. CCM, chama tawala, ilirithi Afro-Shirazi. CUF ilikuwa chama kipya, lakini wapinzani wake waliiita Hizbu tangu siku za mwanzo, ingawa kiongozi wake visiwani, Maalim Seif Sharif Hamad, alikuwa amefika hadi cheo cha Waziri Kiongozi chini ya CCM. Michenzani, maskani ya Kisonge, ya CCM, iliandika ubao wake kwa chaki, na maneno ya ubao ule yalifika Wete kabla ya gazeti. Mji Mkongwe, Jaws Corner palikuwa pa CUF, kahawa na bendera. Barza, ambayo kazi yake ilikuwa kukutanisha watu wa mtaa mmoja, ikawa ya chama.

Oktoba 1995, Dk. Salmin Amour wa CCM alitangazwa mshindi wa urais wa Zanzibar kwa kura 165,271 dhidi ya 163,706 za Maalim Seif. Tofauti ni kura 1,565. Ni watu wa vijiji viwili vitatu. CUF ilichukua viti vyote 21 vya Pemba na 3 vya Unguja, CCM viti 26. Ukiitazama hesabu hiyo kwa macho ya mwanakijiji wa Konde, Pemba, kisiwa kizima kilisema jambo moja na hakikupata kitu. Ukiitazama kwa macho ya mwanachama wa CCM wa Donge, kura chache tu ndizo zilizosimama kati yake na kulipiziwa 1964. Wote wawili walikuwa na sababu ya kuogopa. Tukiwaambia wapunguze chuki tu, hofu yao tunakuwa hatujaijibu.

Na serikali ya Zanzibar ni mwajiri mkubwa, mnunuzi wa karafuu, mgawaji wa viwanja na mtoaji wa leseni. Mshindi alichukua vyote. Baada ya 1995 watumishi wenye asili ya Pemba walilalamika kuondolewa kazini kwa kudhaniwa ni wapinzani, na Pemba nayo ikarudia mtindo wa zamani. Mwana-CCM wa kijijini, ambaye mara nyingi alikuwa peke yake au na nyumba mbili tatu tu za chama chake, aliona gari ya shamba inampita kituoni. Dukani aliambiwa sukari imekwisha, na anaiona pale rafuni. Akifiwa, wanaokuja ni viongozi wa chama kutoka mjini, na ndugu zake wenyewe wanachungulia dirishani.

Kati ya serikali na jirani kuna mtu mmoja ambaye bila yeye ugomvi huu haueleweki, naye ni sheha. Sheha huteuliwa na Mkuu wa Mkoa, hachaguliwi na wakaazi, na huwa ni mtu wa hapo hapo. Anajua nani kaoa wapi, nani kahamia, mtoto wa nani katimiza miaka 18. Kwa ujuzi huo ndiye anayetoa barua ya kuombea Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, na bila kitambulisho hicho huandikishwi kupiga kura. Sheria inataka mpiga kura awe amekaa jimboni miezi 36 kabla ya kuandikishwa, na aliyepo mezani kuthibitisha miezi hiyo ni sheha. Anayekuja kuomba barua anaambiwa arudi kesho. Kesho sheha hayupo. Keshokutwa anaambiwa jina lake halimo kitabuni, na nyuma yake katika foleni yupo kijana asiyejulikana na mtu pale mtaani, naye anapita. Minong'ono huanza: mamluki hao, wameletwa. CUF waliona mamluki kutoka Bara na kambi za vikosi. CCM waliona mamluki kutoka Pemba walioletwa kujaza majimbo ya Unguja. Mwaka 2009, Pemba, ugomvi wa vitambulisho ulifika hadi kusimamisha uandikishaji kwa muda. Kura yenyewe ilikuwa bado mwaka mzima mbele.

Kuna ubaya maalumu katika mpango huu. Uamuzi wa serikali unapewa sura ya jirani. Aliyenyimwa haki hamuoni waziri wala tume. Anamuona Bwana fulani anayeishi nyumba ya tatu, ambaye kesho atataka maji, atataka gari, atataka watu wa kumzikia mama yake. Sheha naye, akiwa amekwama kati ya aliyemteua na wanaomzunguka, hana pa kukimbilia. Masheha ndio waliosusiwa kuliko watu wote.

Januari 2001 silaha ilitoka mikononi mwa raia ikaingia kwa dola. Uchaguzi wa Oktoba 2000 ulivurugika, ukarudiwa katika majimbo 16, CUF ikaususia, na tarehe 27 Januari wafuasi wake waliandamana. Polisi walipiga risasi Unguja na Pemba. Tume iliyoundwa na serikali ilihesabu waliokufa 31, na wapo waliotaja idadi kubwa zaidi. Watu zaidi ya 2,000 walivuka bahari kwa ngarawa na mashua hadi Shimoni, Kenya. Tanzania, iliyozoea kupokea wakimbizi wa wengine, ilizalisha wake. Muafaka ulisainiwa Oktoba mwaka huo, wa pili baada ya ule wa 1999, na yote miwili ilikuwa mikataba ya vyama. Kijijini haikushusha kitu.

Kisha likaja jambo ambalo kwangu ndilo ushahidi mkubwa kuliko yote. Tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Karume na Maalim Seif walikutana Ikulu, wawili tu, bila msuluhishi wa nje. Julai 2010 wananchi waliulizwa kwa kura ya maoni kama wanataka serikali ya umoja wa kitaifa, na asilimia 66.4 wakasema ndiyo. Katiba ikabadilishwa: atakayeshika nafasi ya pili anatoa Makamu wa Kwanza wa Rais, na mawaziri wanagawanywa kwa mujibu wa viti vya Barazani. Oktoba 2010 Dk. Ali Mohamed Shein wa CCM alipata asilimia 50.1, Maalim Seif 49.1. Tofauti kama kura 3,500 hivi, nyembamba kama ile ya 1995. Watu walikuwa wale wale, kumbukumbu zile zile, Pemba ile ile ya CUF. Lakini hakuna aliyekufa, na maduka ya Pemba yaliendelea kuuza kwa kila mtu. Waliosusiana miaka kumi na tano wakaanza kwendeana harusini.

Kama kiini kingekuwa ukabila au chuki ya kuzaliwa nayo, mkutano wa watu wawili na kifungu cha katiba visingeweza kuitibu kwa muda usiotimia mwaka. Kilichobadilika ni malipo ya kushindwa. Mwanachama wa CUF wa Mtambwe alijua kwamba hata akishindwa, chama chake kitakuwa ndani. Wa CCM wa Donge naye alijua hivyo hivyo.

Mwaka 2015 ukaonyesha upungufu. Maridhiano yalikuwa yameweka utaratibu wa kugawana baada ya hesabu, hayakugusa hesabu yenyewe wala anayehesabu. Tarehe 28 Oktoba, matokeo yakiwa bado yanatangazwa, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, Jecha Salim Jecha, aliufuta uchaguzi wote. Marudio ya tarehe 20 Machi 2016 CUF iliyasusia, na Dk. Shein akatangazwa kwa asilimia 91.4. Kwa kuwa hakuna mpinzani aliyefika asilimia 10, nafasi ya Makamu wa Kwanza ilibaki wazi, na umoja wa kitaifa ukafa bila mtu kuufuta.

Wiki zilizofuata Pemba ilirudi 1958. Maduka yakakataa wateja, magari yakakataa abiria, mikarafuu, migomba na muhogo ya watu wa upande wa pili ikakatwa usiku. Viongozi wa serikali walikemea, polisi wakakamata, na wengine wakafikishwa mahakamani. Ziliripotiwa pia khabari za wanawake walioachwa na waume zao kwa sababu ya kura walizopiga au walizoshukiwa kupiga. Agosti mwaka huo, kwenye maziko ya Rais wa zamani, Mzee Aboud Jumbe, Dk. Shein alimnyooshea mkono Maalim Seif, na Maalim hakuupokea. Wengi walishangilia, wengi walikasirika. Mimi nilichokiona ni kwamba kilichokuwa kikifanyika vijijini kwa miaka sitini kilikuwa sasa kimefanywa mbele ya kamera, na mahali pale pale kinapofanywa siku zote.

Wanaosusa wana hoja, na haifai kuidharau. Wanasema: sisi hatuna bunduki, hatuna redio ya taifa, hatuna tume. Duka ni langu na gari ni yangu; nani atanilazimisha kumbeba aliyenidhulumu? Hoja hiyo ina uzito mkubwa zaidi ukikumbuka kwamba katiba hairuhusu mahakama yoyote kuhoji matokeo ya urais yakishatangazwa. Kenya, baada ya machafuko ya 2007 na 2008 yaliyoua watu zaidi ya 1,100, katiba mpya ya 2010 ilifungua mlango wa Mahakama ya Juu. Mwaka 2017 mahakama hiyo iliufuta uchaguzi wa rais, na mwaka 2022 aliyeshindwa alipeleka malalamiko yake pale badala ya barabarani. Haikumaliza maumivu ya Kenya, wala polisi wa 2017 hawakuacha kuua. Lakini mpiga kura aliyeshindwa alikuwa na pahala pa kupeleka kesi yake. Wa Zanzibar hana, basi anaisikiliza mwenyewe dukani kwake, na mshitakiwa ni mteja.

Hata hivyo hoja ile siikubali. Aliyefuta uchaguzi hakununua mchele Micheweni. Aliyenyimwa mchele ni mjane ambaye marehemu mumewe alikuwa na kadi ya CCM. Aliyekatiwa migomba ni mkulima mwenye eka moja ambaye hajawahi kuingia ofisi ya Tume. Susio humpiga aliye karibu kwa kosa la aliye mbali, na humpiga aliye mchache: Pemba ni mwana-CCM, na katika baadhi ya vijiji vya Kaskazini Unguja ni mpinzani, ambaye yeye hususiwa na sheha, na vijana wa chama, na wakati wa 2015 na 2016 hata na wale waliofunika nyuso tuliowaita mazombi. Nguvu zao hazilingani, na anayesema pande zote ni sawa hajatembea. Lakini kwa anayepigwa, kuwa mchache kijijini kwake ni kule kule.

Mwaka 2020 yote yalijirudia: damu Pemba siku ya kuamkia kura ya mapema ya vikosi, matokeo ya asilimia 76 kwa Dk. Hussein Mwinyi, na Maalim Seif, safari hii akiwa na ACT-Wazalendo, akikamatwa. Disemba aliapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais. Wafuasi wake wengi walimlaumu. Alifariki Februari 2021, na kwenye maziko yake Mtambwe walikuwapo wa vyama vyote.

Kwa hiyo kazi iliyobaki inajulikana, na si ya kuhubiri upendo. Uandikishaji uondoke mezani kwa sheha, au sheha achaguliwe na wale anaowathibitisha. Kura ya mapema, ambayo kila mtu visiwani anaitazama kwa wasiwasi, iondolewe au ipigwe na kuhesabiwa siku moja na kura nyingine, mawakala wakiona. Mwenyekiti wa Tume asiwe mteule wa mgombea mmoja. Na mahakama ifunguliwe kwa kesi ya urais. Katika hayo manne, ningeanza na sheha, kwa sababu ndiye pekee ambaye mabadiliko yake yatahisiwa kijijini siku ile ile, na kwa sababu ni jambo dogo mno kuhitaji mkutano wa Ikulu.